Mbwa wa Nyumbani Asitawale Barabara

Mkulima hodari hujulikana kwa ua wake. Ng'ombe wake hawaonekani katika mahindi ya jirani, wala mbuzi wake hawali mboga za watu. Mnyama wake akifanya hasara, mwenye shamba huja pamoja na wazee, hasara ikatazamwa, na malipo yakatolewa bila maneno mengi. Hiyo ndiyo desturi, nayo ni desturi njema. Lakini yuko mnyama mmoja ambaye watu wengi wamemsahau katika hesabu hii, naye ni mbwa. Mbwa akitoka uani na kumwangusha mpita njia, mara nyingi mwenyewe husimama mlangoni akacheka, akasema, "Huyo hana neno, anacheza tu." Naye aliyeanguka hujipangusa vumbi akaenda zake, kana kwamba kosa lilikuwa lake kwa kupita.

Jambo hili laonekana wazi katika Chepsaita, upande wa Turbo katika Kaunti ya Uasin Gishu, kama lionekanavyo katika mashamba mengi yaliyozunguka jiji la Eldoret. Nchi hiyo ni ya mahindi na maziwa, na barabara zake nyingi ni za murramu. Kabla jua halijapanda, wachukuzi wa maziwa wamekwisha kushika njia kwa baiskeli na pikipiki, watoto wanakwenda shule kwa miguu, na vijana wanakimbia kujizoeza, kwa maana sifa ya mahali hapo imeenezwa mbali na mashindano ya mbio za nyika. Watu hao wote hupita saa ile ile ambayo mbwa wamemaliza ulinzi wa usiku na bado hawajafungwa. Hapo ndipo matata huanzia.

Na uchukuliwe mfano wa kijana mmoja mchukuzi wa maziwa, ambaye angeweza kuwa kijana yeyote wa huko. Amefunga mikebe miwili ya maziwa nyuma ya baiskeli yake, naye anateremka polepole kwa sababu mzigo ni mzito na njia ina mawe. Ghafula mbwa anachomoka katika ua wa kayaba, akibweka na kuelekea miguu yake. Kijana anainua mguu mmoja ili ampige teke. Kwa kufanya hivyo anapoteza usawa, gurudumu la mbele linagonga jiwe, na baiskeli, mikebe na mwenyewe vyote vinakwenda chini. Maziwa yanatiririka katika mtaro. Anaposimama, anaona damu nyuma ya mguu, chini ya goti, na alama za meno.

Mzee mwenye boma anatoka mbio, akimkemea mbwa wake.

"Chamgei, mzee," asema kijana, maana hata katika maumivu adabu haitupwi.

"Chamgei, kijana. Pole sana. Mbwa huyu hajapata kumwuma mtu tangu azaliwe."

"Basi leo ameanza, mzee. Je, amechomwa sindano ya kichaa?"

Mzee ananyamaza kidogo, kisha anajibu, "Sindano ya nini? Mbwa huyu ni mzima, hula ugali kila siku."

"Mzee, maziwa yaliyomwagika nayajua bei yake. Lakini jeraha hili sijui bei yake."

Swali la kijana huyo ndilo kiini cha shauri lote. Lakini kabla ya kulijibu, yafaa kufahamu kwa nini mbwa hufukuza baiskeli, kwa maana asiyejua tabia ya mnyama hawezi kumwongoza.

Mbwa hana uadui na baiskeli. Tangu zamani za kale alizaliwa mwindaji, na macho yake huvutwa na kila kitu kinachokimbia. Kitu kikimpita mbio, miguu yake humtangulia hata kabla hajafikiri. Tena yeye ni mlinzi, naye huhesabu kipande cha barabara kilicho mbele ya boma kuwa mali ya bwana wake. Kila asubuhi humwona mtu akija juu ya magurudumu. Hubweka, humfukuza, na mtu yule huondoka. Mpanda baiskeli ajua ya kuwa alikuwa anakwenda zake hata hivyo. Lakini mbwa hudhani ya kwamba ni yeye aliyemshinda. Kesho hurudia kwa ushujaa zaidi, na baada ya miezi michache mchezo umekuwa mazoea. Watoto nao huongeza ubaya wakimchochea kwa kusema "Shika! Shika!" ili wacheke. Mbwa aliyefundishwa hivyo hawezi kulaumiwa peke yake.

Kwa sababu hiyo mpanda baiskeli mwenye busara hashindani mbio na mbwa, hasa penye mlima au akiwa na mzigo. Akiona boma lenye mbwa mkali, hupiga kengele tangu mbali ili wenyewe wasikie na kumwita mnyama wao. Mbwa akija, hupunguza mwendo, hushuka, na kuiweka baiskeli katikati yake na mbwa iwe kama ukuta. Kisha huongea kwa sauti nzito isiyotetemeka, bila kumkazia macho, na kusogea polepole huku akisukuma baiskeli. Mara nyingi mbwa akiona kwamba hakuna kinachokimbia, hamu yake hupoa. Mbwa wengi wa mashamba humjua pia mtu anayeinama kama anayeokota jiwe, nao hurudi nyuma kwa kuona kule kuinama tu. Kupiga teke juu ya baiskeli inayokwenda ni hatari kuliko mbwa mwenyewe. Na mtu akiangushwa chini, heri ajikunje, afunike shingo na uso kwa mikono, na kutulia mpaka mbwa amwache au msaada ufike.

Wako watakaosema kwamba dawa ya mbwa ni silaha. Fikira hiyo si mpya. Mwishoni mwa karne ya 19, baiskeli zilipoenea Ulaya, watengenezaji wa silaha huko Ufaransa walitengeneza bastola ndogo iliyoitwa Velo-Dog, iliyokusudiwa kuchukuliwa na wapanda baiskeli ili wajikinge na mbwa. Ziliuzwa hata risasi zilizotiwa pilipili badala ya chuma. Lakini hakuna nchi iliyopata amani ya barabara zake kwa kuwapa wapanda baiskeli bastola. Nyama yenye sumu itupwayo njiani nayo ni upumbavu, kwani humwua mbwa wa jirani aliye mwema, hudhuru wanyama wengine, na yaweza kuokotwa na mtoto. Dawa iko mahali pengine, yaani mkononi mwa mwenye mbwa.

Sasa na tulirudie swali la sindano. Kichaa cha mbwa si uchawi wala si laana. Ni ugonjwa unaoletwa na virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Akiuma, au akilamba mahali palipochubuka, virusi huingia mwilini na kusafiri polepole katika mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu, ingawa yaweza kuwa juma moja tu au hata mwaka mzima. Kwa hiyo mtu huweza kupona kidonda chake, akasahau kabisa, kisha ugonjwa ukamjia wakati wa mavuno. Mgonjwa huogopa maji, hushindwa kumeza, na fahamu zake huvurugika. Dalili hizo zikisha kuonekana, karibu kila mgonjwa hufa, na hospitali haina la kufanya ila kumpunguzia maumivu.

Katika Kenya ugonjwa huu ulithibitishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1912, katika mbwa mmoja karibu na Nairobi, na mwaka 1928 ukathibitishwa katika mwanadamu. Zaidi ya miaka 100 imepita nao haujaondoka. Duniani kote wanakadiriwa kufa watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Katika kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto wasiotimiza miaka 15. Mtu akizikumbuka hesabu hizo, hatasema tena kwamba mbwa anayemfukuza mtoto wa shule anacheza tu. Mbwa mzima na mbwa mgonjwa hufukuza kwa miguu ile ile, na mtu aliye chini mavumbini hana njia ya kuwapambanua.

Lakini ugonjwa huu wa kutisha una mlango mmoja ulio wazi, nao ni ule wakati kabla dalili hazijatokea. Mwaka 1885, huko Paris, mtaalamu Louis Pasteur alimchanja mvulana wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa vibaya na mbwa mwenye kichaa, na mvulana yule akaishi mpaka utu uzima. Tangu wakati huo dawa imeendelezwa sana. Wazee wengi bado hukumbuka sindano nyingi zilizochomwa tumboni, nao huzihofia. Siku hizi chanjo huchomwa mkononi, mara chache, katika siku zilizopangwa na daktari. Lililo muhimu ni kuanza mapema na kuzimaliza zote, kwa maana anayeacha katikati kwa sababu kidonda kimepona amejidanganya.

Hata kabla ya daktari iko kazi ambayo kila nyumba yaweza kuifanya. Katika mfano wa kijana wetu, mwenye akili kuliko wote alikuwa mke wa mzee. Wanaume wawili walipokuwa wakisemezana habari ya maziwa, yeye alitoka na kipande cha sabuni na dumu la maji.

"Mzee, maneno yangoje," alimwambia mumewe. "Nawe mwanangu, keti hapa juu ya jiwe, uunyoshe mguu."

"Asante, mama. Ni kidonda kidogo tu."

"Kidogo ndicho kinachoua, kwa sababu hudharauliwa."

Mama yule alifanya vema kabisa. Jeraha la mbwa lapasa kuoshwa mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15 kamili. Kuosha huko kwaweza kuondoa sehemu kubwa ya virusi kabla havijapenya. Kidonda kisipakwe majivu, tumbaku, mafuta ya taa wala majani. Kisha mgonjwa aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo tu, na aeleze mbwa alikuwa wa nani, kama amechanjwa, na kama alichokozwa. Kama jeraha limetoka damu, huenda daktari akaongeza dawa nyingine inayochomwa palepale kwenye kidonda.

Na mbwa je? Vijana wengi hukimbilia marungu. Hilo ni kosa, kama mbwa aweza kushikwa bila hatari. Mbwa anayejulikana mwenyewe afungwe mahali salama, apewe chakula na maji, na atazamwe kwa siku 10. Kama alikuwa na ugonjwa katika mate yake siku ile alipouma, kwa kawaida ataugua na kufa ndani ya siku hizo. Akibaki mzima, daktari atajua la kufanya na sindano zilizobaki. Lakini mtu aliyeumwa asingoje siku 10 ndipo aende hospitali. Matibabu yaanze na kutazamwa kuanze, siku moja. Na mbwa akifa au akiuawa, asitupwe mtoni wala asizikwe upesi. Daktari wa wanyama aitwe, kwa maana ubongo wa mnyama huyo waweza kupimwa na kutoa jibu la hakika.

Ng'ombe naye asisahauliwe. Mbwa mwenye kichaa akimwuma ng'ombe, ng'ombe huyo hufa vilevile, na mkulima aliyeona gharama ya chanjo ya mbwa kuwa kubwa hupoteza mnyama wa maziwa ambaye thamani yake ingewachanja mbwa wa kijiji kizima.

Wajibu wa mwenye mbwa si mwingi wala si mgumu. Kwanza, amchanje kila mwaka na kuitunza hati ya chanjo kama anavyotunza hati ya shamba lake. Pili, amfungulie usiku ndani ya ua, na alfajiri, kabla ya saa ya maziwa na ya shule, amfunge. Kamba fupi shingoni humfanya mbwa kuwa mkali zaidi. Afadhali waya mrefu uvutwe kati ya nguzo mbili, na mnyororo wa mbwa uteleze juu yake, ili aweze kutembea, kufika kivulini na kunywa maji. Tatu, amlishe, kwa sababu mbwa mwenye njaa hana budi kuzurura. Nne, azibe matundu ya ua, maana ua wa kayaba ulio mzuri juu mara nyingi una njia ya mbwa chini. Tano, asizalishe mbwa asioweza kuwatunza. Watoto wa mbwa wanaotupwa kando ya barabara, hasa majike, ndio wanaokuwa mbwa wasio na bwana, wala hakuna awezaye kuulizwa habari zao siku ya ajali.

Sheria nayo haikunyamaza. Kenya ina Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365. Tena Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na utoaji wa leseni za mbwa, katika kazi za serikali za kaunti. Kwa hiyo raia anayetaka kujua habari ya leseni na chanjo ana mahali pa kuuliza, yaani kwa maofisa wa mifugo wa kaunti yake. Zaidi ya hayo, mtu aliyeumizwa kwa uzembe wa mwenye mbwa aweza kudai fidia mbele ya mahakama. Lakini ni jambo la aibu majirani wawili kupelekana mahakamani kwa sababu ya mnyororo ambao haukununuliwa.

Mwaka 2014 Serikali ya Kenya ilitoa mpango wa kukomesha vifo vya watu vinavyoletwa na ugonjwa huu ifikapo mwaka 2030. Msingi wa mpango huo ni kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100, mwaka baada ya mwaka, kwa maana hapo ugonjwa hukosa njia ya kupita kutoka mbwa hata mbwa. Jambo hilo si ndoto. Katika kisiwa cha Pemba chanjo za mbwa zilizorudiwa ziliufukuza ugonjwa huo, na uliporudi, ukafukuzwa tena kwa njia ile ile. Lakini hakuna serikali iwezayo kumchanja mbwa ambaye mwenyewe amesema si wake. Siku ya chanjo ikitangazwa, wengi huleta mbwa mmoja na kuwaacha watatu nyumbani kwa kuwa hawashikiki. Mbwa asiyeshikika na bwana wake ndiye hasa anayepaswa kuogopwa barabarani.

Hapa baraza la chifu na wazee wa mtaa lina kazi. Katika mkutano mmoja tu watu waweza kupatana mambo matatu: kwamba kila boma litaje mbwa wake na idadi yao, kwamba mbwa wote wawe wamefungwa kabla ya mapambazuko mpaka jioni, na kwamba mwenye mbwa aliyeuma alipe nauli ya hospitali na hasara ya siku hiyo bila kungoja kushtakiwa. Mapatano kama hayo hayahitaji askari. Yanahitaji watu wanaoonana uso kwa uso kila siku kwenye kinu, sokoni na mahali pa kupimia maziwa.

Katika mfano ulioelezwa, mzee aliona haya. Alimlipa kijana thamani ya maziwa, akampa nauli ya kwenda hospitali, na mwenyewe akamfunga mbwa wake chini ya mti. Kila jioni kwa siku 10 kijana alipita kumtazama, akamkuta mzima anakula. Ilikuwa bahati njema. Lakini usiku ule wa kwanza, kabla ya kujua, mzee hakulala. Naye mke wake alimwuliza jambo moja tu, kama angeweza kumtazama mama wa kijana yule usoni endapo mambo yangekwenda vingine. Juma lililofuata mbwa alipelekwa kuchanjwa, na waya ukavutwa kati ya nguzo mbili.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tundu lililo chini ya ua ni dogo, na gharama ya kuliziba ni ya asubuhi moja. Mbwa ni rafiki wa kale wa mwanadamu, naye hustahili kufugwa kwa heshima. Heshima hiyo ni pamoja na kumzuia asifanywe mwuaji na bwana wake asiyejali. Na aangalie basi kila mwenye boma, leo kabla ya giza, ni wapi mbwa wake hutokea.